Chandarua Kipya Hakiui Mbu Papo Hapo: Ufafanuzi kwa Wananchi kuhusu Zana Mpya za Kudhibiti Mbu wa Malaria

Tangu vyandarua vyenye viuatilifu viwili vianze kugawiwa katika baadhi ya mikoa, na halmashauri kadhaa zianze kunyunyizia viuadudu vya kibaiolojia kwenye mazalia ya mbu, ofisi za afya za kata zimekuwa zikipokea malalamiko ya aina mbili. La kwanza ni kwamba vyandarua hivyo "havina dawa", kwa kuwa mbu hutua juu yake kisha huruka wakaenda zao. La pili ni kwamba dimbwi limenyunyiziwa lakini usiku mbu ni wale wale. Tunaamini wanaolalamika wana nia njema, na baadhi yao wamesaidia kubaini maeneo yaliyorukwa na wanyunyiziaji. Hata hivyo, sehemu kubwa ya malalamiko haya inatokana na kutofahamu namna zana hizi zinavyofanya kazi.

Vyandarua vya awali vilitegemea kundi moja la viuatilifu, pairetroidi, ambalo hushambulia mishipa ya fahamu ya mbu na kumwangusha ndani ya muda mfupi. Baada ya miaka mingi ya matumizi, mbu wengi wa jamii ya Anofelesi, ndio waenezao malaria, nchini Tanzania wamejenga usugu dhidi ya kundi hilo, hasa Anofelesi funestasi, ambaye katika mabonde ya Kilombero na Ulanga ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi. Chandarua kipya kimeongezewa kiuatilifu cha pili kiitwacho klofenapiri, ambacho chenyewe hakina makali hadi kiingie mwilini mwa mbu na kubadilishwa na vimeng'enya vyake mwenyewe kuwa sumu inayozuia seli kuzalisha nguvu. Mbu hufa kwa kuishiwa nguvu, jambo linaloweza kuchukua hadi saa 72 baada ya kugusa chandarua. Kwa hiyo mwananchi anayemwona mbu akiruka kutoka kwenye chandarua hajaona ushahidi wowote wa udhaifu wa chandarua hicho; mbu huyo anaweza kufia kwenye dari la jirani kesho kutwa, kabla vimelea alivyobeba havijakomaa kiasi cha kuambukiza mtu mwingine, kwa kuwa vimelea huhitaji takriban siku kumi au zaidi ndani ya mbu.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka mbali. Utafiti uliofanyika wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, ulilinganisha aina nne za vyandarua kwa miaka miwili. Mwishoni mwa kipindi hicho asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa katika maeneo yaliyopewa vyandarua vya kawaida walikutwa na vimelea vya malaria, ikilinganishwa na asilimia 25.6 katika maeneo yaliyopewa vyandarua vyenye klofenapiri. Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza rasmi mwezi Machi 2023. Anayeendelea kudai kwamba vyandarua hivi ni masalia yaliyokataliwa kwingine anapaswa kwanza aeleze takwimu hizo za Misungwi zinatokana na nini.

Chandarua kinapotolewa kwenye mfuko kianikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika, kwa kuwa mwasho wa ngozi au macho unaolalamikiwa siku za mwanzo hutokana na kuruka hatua hiyo. Kifuliwe kwa sabuni laini ndani ya beseni, kisilowekwe usiku kucha, kisitiwe dawa ya kuondoa madoa, na kianikwe tena kivulini, kwa sababu jua huharibu viuatilifu. Maji ya kufulia yasimwagwe mtoni, ziwani wala kwenye bwawa, kwa kuwa viuatilifu hivi ni sumu kali kwa samaki. Yamwagwe kwenye shimo la choo au ardhini mbali na chanzo cha maji. Matundu yashonwe mapema. Kuhusu wanaovua dagaa kwa vyandarua, sheria za uvuvi haziruhusu zana ya matundu madogo kiasi hicho, na zana hiyo hukamatwa na kuteketezwa bila kujali kwamba mhusika aliipokea bure kliniki au shuleni.

Tukija kwenye mazalia, ni lazima kwanza ieleweke kwamba si kila mbu anayeuma ni mbu wa malaria. Mbu wanaosumbua mijini, wanaolia masikioni kuanzia magharibi, kwa sehemu kubwa ni Kuleksi wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo, chemba za maji taka na mitaro iliyoziba. Hao hueneza matende na mabusha, hawaenezi malaria. Anofelesi kwa kawaida hupendelea maji safi yaliyotulia: majaruba ya mpunga, kingo za mito zenye majani, mashimo ya kufyatulia matofali, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua. Tofauti huonekana kwa macho: kiluwiluwi cha Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, ilhali cha Kuleksi huning'inia kichwa chini. Kwa hiyo kupungua kwa malaria katika kata hakumaanishi kwamba kelele za mbu zitapungua, na halmashauri haikuahidi hilo.

Viuadudu vinavyotumika ni vya kibaiolojia, vikiwemo vinavyozalishwa na kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Hutokana na bakteria ambao, wakimezwa na kiluwiluwi, huharibu utumbo wake. Havimdhuru binadamu, mifugo wala samaki vinapotumika kwa kipimo sahihi, hivyo kufukuza wanyunyiziaji kwa madai kwamba kisima kinatiwa sumu hakuna msingi. Kuna kiuadudu cha maji safi na kingine kinachodumu zaidi kwenye maji machafu, na kuvichanganya kiholela ni kupoteza vyote viwili. Kiuadudu cha maji safi huisha nguvu ndani ya siku chache hadi wiki mbili, na mvua kubwa hukiondoa mapema zaidi, hivyo dimbwi hurudiwa mara kwa mara. Zaidi ya hayo, pupa, ambayo ni hatua ya mwisho kabla ya mbu kupata mabawa, haili chochote na kwa hiyo haimezi kiuadudu. Dimbwi lililonyunyiziwa Jumatatu linaweza kutoa mbu Jumatano, na hiyo si hujuma ya mnyunyiziaji.

Shirika la Afya Duniani linashauri unyunyiziaji wa aina hii pale tu mazalia yanapokuwa machache, ya kudumu na yanayoweza kutambuliwa. Ndiyo maana kata zenye mabonde makubwa ya mpunga huenda zisipangiwe kazi hiyo kwa mikono. Ndege zisizo na rubani zilijaribiwa kwenye mashamba ya mpunga ya Cheju, Zanzibar, mwaka 2019, zikinyunyizia kimiminika kinachotanda juu ya maji na kuwazuia viluwiluwi kupumua. Njia hiyo inavutia, lakini inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na fedha ambazo halmashauri nyingi hazina. Kijana mwenye ndege yake ya kupigia picha za harusi asijaribu kuitumia kunyunyizia.

Mwenye eneo lenye mazalia aliyoyasababisha mwenyewe, kwa mfano shimo la matofali lililoachwa wazi, anawajibika. Afisa afya hufika, hujitambulisha kwa kitambulisho, hukagua, na akikuta viluwiluwi hutoa ilani ya maandishi inayotaja kasoro, hatua inayotakiwa na muda wa kuitekeleza. Muda ukipita hufanyika ukaguzi wa pili, na asiyetekeleza huchukuliwa hatua kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 au sheria ndogo za halmashauri husika, ambazo viwango vyake vya faini hutofautiana. Faini hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali na si kwa fedha taslimu mkononi. Anayedaiwa taslimu asilipe, bali aombe jina la mhusika na kuripoti kwa Mtendaji wa Kata.

Kuhusu uvumi wa "mbu wa maabara", yaani kwamba wanyunyiziaji huachilia mitaani mbu waliotengenezwa maabara, unachosha, lakini tunaujibu. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara kwa kushirikiana na Imperial College London wamezalisha, katika maabara iliyofungwa huko Bagamoyo, mbu waliobadilishwa vinasaba ili vimelea vya malaria visikue vizuri ndani yao. Hiyo ni kazi ya maabara na haihusiani kwa namna yoyote na kampeni hii. Mbu wa aina hiyo hawawezi kuachiliwa kwa uamuzi wa mtafiti, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za usalama wa baioteknolojia za mwaka 2009 zinadai maombi, tathmini ya athari na kibali kwanza. Wanyunyiziaji wanaopita mitaani wamebeba kiuadudu mgongoni, hawakubeba mbu.

Mwenye lalamiko kuhusu dimbwi aandikishe katika ofisi ya mtaa jina la eneo, tarehe ya mwisho ya unyunyiziaji na siku alipoona viluwiluwi. Akiweza, achote maji kwenye chupa angavu isiyowahi kuwekwa dawa, aijaze nusu tu, atoboe kifuniko ili viluwiluwi vipate hewa, na aifikishe kwa Afisa Afya wa Kata siku hiyo hiyo, kwani viluwiluwi vilivyokufa njiani havithibitishi kwamba kiuadudu kimeshindwa.