Sayari si nyota

Juzi jioni, barazani hapa Lamu, mwana wa ndugu yangu alinisimulia riwaya ya vijana anayoisoma. Watoto wanne wamepanda chombo, wameipita Mshtarii, kisha "wakashuka kwenye nyota ya Zohali." Nyota! Zohali ni sayari. Watu wazima nao husema hivyo hivyo, na mimi kila nikisikia moyo hunikereketa.

Sayari ni gimba kubwa la mviringo linalolizunguka jua wala halina nuru yake. Nyota huwaka yenyewe. Jua ni nyota. Maana imekwisha.

Neno lenyewe ndilo tamu. Limetoka katika Kiarabu, sayyara, chenye kwenda daima. Aliyesoma Sura Yusuf katika Kurani amekutana nalo: ule msafara uliopita kisimani ukamtoa Yusuf umeitwa sayyara. Leo Waarabu huliita gari jina hilo hilo. Wanafalaki wa kale waliona mianga mingi ya usiku haibadilishi nafasi zake, ila michache hutangatanga kati ya hiyo. Wakaihesabu saba, jua na mwezi zikiwamo, wakaiita yenye kusafiri. Neno sayari lilimtaja msafiri kabla hata ya mtu kujua kwamba dunia nayo ni mojawapo.

Na pwani hii, tofauti hiyo ilikuwa na kazi yake baharini. Kilimia, kile kishada cha nyota, huchomoza upande ule ule mwaka nenda mwaka rudi, ndiyo maana wazee wa majahazi waliweza kukitegemea. Zohali haitegemeki hivyo. Huchukua miaka 29 hivi kulizunguka jua, Mshtarii miaka 12, na wakati wote huo zinahama kutoka kundi hili la nyota kwenda lile. Nahodha ambaye angeelekeza omo kwenye Zohali kwa mazoea ya ujana wake angeikosa bandari.

Hata huko kushuka kuna tatizo. Zohali ni gesi tupu kwa juu, haina ardhi ya kukanyaga. Chombo cha Huygens kilitua Titan, mwezi wake, tarehe 14 Januari 2005. Titan nayo si sayari, kwa kuwa huizunguka Zohali.

Nilimwambia, "Hadithi yako nzuri, mwanangu, isome mpaka mwisho. Lakini kesho ukija kunisimulia, sema sayari ya Zohali. Na hao watoto washushe Titan, wapate pa kuweka mguu."