Paulo na shairi la Zeu: ninavyotazama filamu na kusikiliza nyimbo za kidunia

Swali ninaloulizwa zaidi baada ya semina ni fupi: "Mwalimu, hii filamu Mkristo anaruhusiwa kuitazama?" Mara nyingine ni wimbo, mara nyingine riwaya. Anayeuliza anangoja ndiyo au hapana. Nafundisha theolojia na fasihi, na miaka ya mwanzo nilimpa alichotaka, kwa kuhesabu: matusi mangapi, damu kiasi gani, nani kalala na nani. Siku hizi namrudishia swali: hadithi hiyo inataka umpende nani, na inataka utamani nini?

Kilichonigeuza ni Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo yuko Athene, na Luka anasema roho yake ilichukizwa kwa jinsi mji ulivyojaa sanamu. Wengi wetu tukishachukizwa tunazima, tunaondoka. Paulo alizunguka. Mwenyewe anawaambia watu wa Areopago, baraza la mji huo, kwamba alipita akiviangalia vitu wanavyoviabudu, mpaka akaikuta madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Kisha akawanukulia ubeti: "sisi sote tu wazao wake."

Maneno hayo hayakutoka kwa nabii. Ni ya Aratus, mshairi wa Kigiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, mzaliwa wa Kilikia kama Paulo mwenyewe. Na katika shairi la Aratus, huyo ambaye sisi ni wazao wake ni Zeu. Mtume amesimama mbele ya wasomi wa Athene akiwa na mstari uliotungwa kumsifu mungu wa Wagiriki! Lakini tazama anachofanya nao mara moja, mstari wa 29: kama sisi ni wazao wa Mungu, basi haifai kudhani kwamba Mungu anafanana na dhahabu, fedha au jiwe. Ubeti wa mshairi wao ndio nyundo anayozivunjia sanamu zao. Anakubali kwamba mshairi alikuwa na kiu ya kweli, papo hapo anakataa kisima alichokwenda kunywa. Asingeweza kufanya hivyo kama hakulijua shairi lenyewe.

Tena, ule mstari tunaopenda kuutumia kuwafukuza vijana kwenye sinema, "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema", wa 1 Wakorintho 15:33, wanazuoni kwa kawaida huuhusisha na Menander, mtunzi wa michezo ya kuigiza ya vichekesho. Onyo hilo ni la kweli, na Paulo alilitoa kwa maneno yaliyotokea jukwaani.

Chukua filamu ya kisasi, aina ambayo kila mtu ameshaiona. Mtu anauliwa mke, sheria inamwangusha, naye anaanza kuwasaka wauaji mmoja mmoja. Nikihesabu maiti nitasema ni filamu ya damu, na nitakuwa sijaielewa. Naangalia kamera imekaa karibu na nani. Nasikiliza muziki unapanda wakati gani. Muuaji wa mwisho anapoanguka, muziki unatulia, jua linachomoza, na mimi kwenye kiti changu napumua kwa raha. Hapo ndipo penye mahubiri ya filamu hiyo, hata kama hakuna aliyetaja dini: damu ikilipwa kwa damu, moyo unapona. Nusu ya mahubiri hayo naipokea kwa mikono miwili. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Zaburi zimejaa watu wanaomlilia Mungu awahukumu wadhalimu. Nusu ya pili naikataa, kwa sababu Waebrania 12 inazungumzia damu ya Yesu, inenayo mema kuliko ile ya Habili, na filamu haiijui. Nimeona watu wakibishana kuhusu msamaha kwa saa nzima baada ya filamu kama hiyo, kwa undani ambao mahubiri yangu hayajawahi kuuamsha.

Kwa kipimo hiki, filamu safi isiyo na tusi hata moja inaweza kuwa na sumu zaidi. Ile inayomwambia mtoto kwamba moyo wake haukosei, aufuate tu, haina cha kuhesabu, na bado inapingana na Yeremia 17:9, isemayo moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wimbo nauogopa zaidi ya filamu. Filamu unaitazama mara moja au mbili, lakini kiitikio unakiimba jikoni, njiani, ukiwa umechoka na huna ulinzi. Wimbo hauleti hoja ya kujibiwa, unaweka maneno kinywani mwako kwa mdundo mpaka yanakuwa yako. Ndiyo maana Wakolosai 3:16 inataka tufundishane kwa zaburi na tenzi. Ninachowaomba wanafunzi wangu ni kuyaandika maneno ya wimbo wanaoupenda kwenye karatasi na kuyasoma kwa sauti bila muziki. Wengine hurudi wakiupenda zaidi kuliko mwanzo. Wengine hunyamaza.

Mipaka ipo. Danieli alisoma elimu ya Wakaldayo na lugha yao akafaulu kuliko wote, na bado chakula cha mfalme hakukigusa. Picha zilizotengenezwa ili kuwasha tamaa ya mwili hazina kiu ya kuchambua; zima. Na kama unajua filamu fulani itamrudisha rafiki yako kwenye pombe aliyoiacha, usimwalike kuitazama, hata kama wewe haikudhuru. Warumi 14 iko wazi kuhusu kumkwaza ndugu.

Mama mmoja aliniuliza afanye nini na riwaya aliyoikuta chini ya mto wa binti yake. Nilimwomba aisome yote kwanza, bila kumwambia binti, kisha amuulize jambo moja tu: ni mhusika gani alimhurumia, na kwa nini. Alirudi baada ya wiki mbili. Binti alikuwa amemtaja mhusika aliyekuwa akiishi na baba asiyezungumza naye, na wawili hao walikuwa wamekesha wakiongea, si kuhusu riwaya.