Kuhama Dar es Salaam kufuata unafuu wa maisha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam anapotamka kwamba anafikiria kuhamia Morogoro, Dodoma au Iringa kwa sababu maisha ya jijini yamekuwa ghali, hupata washauri wa aina mbili: wapo wanaomhakikishia kwamba mikoani kila kitu ni rahisi, na wapo wanaomwonya kwamba atajuta. Wote husema kwa uhakika mkubwa, na wengi wao hawajawahi kukaa chini na kalamu wakapiga hesabu. Uamuzi huu unagusa riziki, watoto, wazazi wanaozeeka na jina ambalo mtu amelijenga kwa miaka mingi, kwa hiyo haufai kufanywa kwa kusikia tu. Yafuatayo ni mambo yanayorudiwa mara kwa mara, nami nimeyapima kwa ninayoyafahamu kuhusu jiji hili na miji inayokimbiliwa.

"Kodi ya nyumba ikishuka, maisha yote yameshuka"

Ni kweli kwamba kwa fedha inayolipia chumba na sebule Sinza au Kinondoni, mtu anaweza kupanga nyumba nzima yenye ua katika mitaa mingi ya Morogoro au Iringa. Tofauti hii ndiyo inayoonekana kwanza, na ndiyo inayowafanya wengi waamini kwamba matumizi mengine nayo yatapungua kwa kiwango hichohicho. Hayapungui. Bei ya uniti ya umeme wa TANESCO ni moja nchi nzima, na anayenunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Songea hulipa sawa na anayenunua Temeke akiwa katika kundi lilelile la matumizi. Bando la simu halibadiliki kwa sababu umevuka Chalinze. Mafuta ya gari huwa ghali zaidi kadiri unavyokwenda mbali na bahari: kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli na dizeli kwa kila mji, na bei za Dar es Salaam huwa chini kuliko za Mwanza, Kigoma au Bukoba, kwa kuwa gharama ya kuyasafirisha kutoka bandarini huongezwa juu yake. Gharama hiyo huingia katika nauli ya bodaboda, katika mfuko wa saruji, katika sabuni, katika dawa ya meno na katika kila bidhaa ya kiwandani inayopakiwa Dar es Salaam kwenda bara.

Chakula ndicho kinachobaki kuwa hoja ya kweli, lakini nacho kina masharti yake. Mchele wa Kilombero na ndizi za milima ya Uluguru hufika Morogoro kwa bei nzuri kwa sababu zinazalishwa mkoani humohumo. Nyanya za Ilula ni hivyo hivyo kwa mkazi wa Iringa. Dodoma ni tofauti, kwa kuwa ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, inayostawisha zabibu, mtama, uwele na alizeti, na mboga nyingi zinazoliwa mjini hutoka kwingine. Aliyetembelea mji mwezi Julai, mavuno yakiwa yamejaa sokoni, akaandika bei na kuondoka nazo, atashangaa atakapouliza bei hizohizo mwezi Februari.

"Nikifika huko nitaendelea na shughuli yangu ileile"

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu familia nyingi zinazorudi jijini baada ya mwaka mmoja au miwili hazirudishwi na bei za vitu, zinarudishwa na kipato. Bei nafuu unayoifurahia ukiwa mnunuzi ndiyo hiyohiyo itakayokuwa pato lako ukiwa muuzaji. Msusi anayehamisha saluni yake kutoka Sinza atakuta kwamba kichwa kimoja kinasukwa kwa fedha ndogo zaidi, na kwamba wateja wanaosuka kila wiki mbili ni wachache. Nywele za kusukia, kwa upande mwingine, bado zitatoka Kariakoo, tena kwa bei ya Kariakoo pamoja na nauli ya mzigo. Fundi simu, fundi cherehani, mpiga picha za harusi na mama lishe wote wana hesabu ya namna hii. Jiji lenye watu 5,383,728, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, lina uwezo wa kumlisha mtu mwenye utaalamu mwembamba sana, kwa mfano anayetengeneza mashine za kahawa peke yake au anayepamba keki za harusi peke yake. Mji mdogo humtaka mtu huyohuyo afanye mambo matatu au manne ili apate fedha ileile.

Kwa mtumishi wa umma hali ni tofauti kabisa, kwa kuwa ngazi ya mshahara haibadiliki kwa sababu ya mkoa. Mwalimu au muuguzi anayepata uhamisho kutoka Ilala kwenda Iringa hubaki na mshahara wake na hulipa kodi ndogo ya nyumba, na faida yake ni ya moja kwa moja. Mstaafu naye analipwa pensheni yake na mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF au NSSF, kupitia benki popote alipo. Mwenye nyumba ya familia Ilala au Magomeni anayeweza kuipangisha na yeye akapanga Morogoro kwa sehemu ndogo ya kodi hiyo, huyo huenda ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote, mradi ndugu wengine wenye haki katika nyumba hiyo wawe wamekubaliana naye kwa maandishi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayetaka kuhama halipaswi kuwa kodi ya huko ni shilingi ngapi. Anapaswa kujiuliza nani atakayemlipa akiwa huko, kiasi gani, na kwa uhakika gani. Anayejibu kwamba atajua akifika bado hajawa tayari, hata kama amekwisha kupata nyumba.

"Treni imeufuta umbali"

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, limeenea wazo kwamba mtu anaweza kulala Morogoro na kufanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam. Safari yenyewe inawezekana, na kwa hakika imebadilisha maisha ya watu wengi kwa wema. Hebu tuipige hesabu. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa huduma ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, yaani shilingi 26,000 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, hiyo ni shilingi 572,000, kabla hujalipa bodaboda ya kukufikisha kituoni Morogoro wala daladala ya kukutoa kituoni Dar es Salaam. Kwa fedha hiyo mtu anapanga nyumba ya heshima jijini. Anayekwenda ofisini mara moja kwa wiki, kazi nyingine akiifanya akiwa nyumbani, hutumia kama shilingi 104,000 kwa mwezi wa wiki nne, na huyo hesabu yake inaweza kukubali.

Hesabu hii inawahusu pia waliohamia Mlandizi, Chanika au Mkuranga na kubaki na kazi zao katikati ya jiji. Kodi imepungua, lakini nauli za magari mawili au matatu kila asubuhi na kila jioni, pamoja na chakula cha mchana ambacho zamani kililiwa nyumbani, humeza sehemu kubwa ya nafuu hiyo. Saa zinazopotea barabarani haziandikwi popote, ingawa watoto huzihisi.

"Mikoani bei hazipandi"

Bei hufuata watu, na watu wanahama. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ya mwaka 2022, wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam waliongezeka kwa takriban asilimia 23. Katika miaka hiyohiyo Mkoa wa Dodoma uliongezeka kwa takriban asilimia 48, kutoka watu 2,083,588 hadi 3,085,625, na Mkoa wa Pwani, unaopakana na jiji na kupokea wengi wanaotafuta viwanja nje yake, ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, ambalo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 80. Dodoma ni mfano ulio wazi: baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko kwa vitendo, watumishi walihitaji nyumba kwa pamoja, na mji ambao ulijulikana kwa kodi ndogo ukapoteza sifa hiyo katika maeneo mengi. Morogoro mjini, kuwapo kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na cha Mzumbe nje kidogo ya mji, hufanya vyumba vya mitaa iliyo karibu na vyuo vigombaniwe kila mwaka wa masomo unapoanza. Anayehama kwa ajili ya kodi ya leo aulize pia nani mwingine anahamia mtaa huo.

"Huko hakuna shule wala hospitali"

Dhana hii imepitwa na wakati. Elimu bila ada katika shule za Serikali ilianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne na kufika kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, na haibagui mkoa. Hospitali za rufaa zipo Bugando kwa Mwanza, KCMC kwa Moshi, Mbeya, na Benjamin Mkapa kwa Dodoma. Hata hivyo, mwenye mgonjwa wa moyo au wa saratani anayehudhuria kliniki katika Taasisi ya Jakaya Kikwete au Ocean Road amwulize daktari wake kabla ya kuhama kama huduma hiyohiyo inapatikana anakokwenda, na kama haipatikani, nauli na malazi ya kila kliniki viingie kwenye hesabu. Mtoto wa darasa la saba au wa kidato cha nne ni vyema amalize mtihani wake kwanza.

"Nikikosa kazi, nitalima"

Ninaheshimu sana kilimo, na kwa sababu hiyo sipendi kukiona kikifanywa kimbilio la asiyejiandaa. Shamba huchukua fedha kwa miezi kadhaa kabla ya kurudisha hata shilingi moja, na aliyehama na akiba ya miezi mitatu atajikuta anauza mahindi yakiwa mabichi. Ardhi nayo ina taratibu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haihamishwi kwa makubaliano ya watu wawili na sahihi ya mwenyekiti peke yake. Inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Mgeni anayelipa kwa haraka ili asipitwe na bei huweza kugundua baadaye kwamba eneo lilikwisha kuuzwa kwa mwingine, au kwamba ni njia ya mifugo. Wilaya za Kilosa na Mvomero zimeshuhudia migogoro ya wakulima na wafugaji kwa miaka mingi, na wenyeji wanajua ni maeneo gani. Kukodi ekari moja kwa msimu mmoja kabla ya kununua ni njia ya kuwafahamu wenyeji hao.

"Gharama ya kuhama ni lori la mizigo tu"

Lori ndilo dogo. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, na anayeondoka katikati ya mkataba jijini kwa kawaida harudishiwi miezi iliyobaki. Lakini kikubwa zaidi ni kile ambacho hakikuwa na bei kwa sababu kilitolewa kwa undugu. Bibi aliyekuwa akikaa na wajukuu mchana hayupo tena, na nafasi yake inachukuliwa na dada wa kazi anayelipwa mshahara. Mangi, mwenye duka aliyekuwa akikuandika deni kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi hayupo, na muuza duka wa mtaa mpya hakujui. Kikoba chako, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kinakutana Mbagala kila Jumapili. Misiba na harusi bado ni za Dar es Salaam, na sasa juu ya mchango kuna nauli ya watu wanne. Mambo haya hayapaswi kumzuia mtu kuhama, lakini yanapaswa kuandikwa kwa shilingi kwenye karatasi ileile iliyoandikwa kodi.

"Anayehama jiji limemshinda"

Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu huwaweka watu wazima katika madeni kwa kuogopa maneno ya baraza. Kumwondoa mtoto kwenye chumba kinachojaa maji kila masika Jangwani na kumpeleka mahali penye ua na usingizi ni malezi, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Aibu hii pia ndiyo inayowafanya wengine wahame kwa siri na kwa mkupuo, wakiuza kila kitu, ili wasionekane wakijaribu. Ingekuwa salama zaidi mmoja wa wazazi atangulie, apange chumba kimoja kwa miezi michache ikiwemo ile ya mvua, aone mfereji unatoa maji siku ngapi kwa wiki, atafute wateja watano wa kwanza, na aandike kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka, huku chumba cha jijini kikiendelea kulipiwa hadi hesabu hiyo ikamilike.