Nani anaandika muhtasari?

Kiswahili hakitenganishi "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Ukisoma "alishauri pampu ibadilishwe", hujui aliyeshauri ni kaka au dada. Kwa miaka mingi nilidhani jambo hilo linatusaidia sisi maafisa rasilimali watu, maana lugha yenyewe haibagui. Siku moja nikakaa na mafaili ya tathmini ya wafanyakazi, nikafunika majina kwa karatasi, nikabashiri jinsia kwa kusoma maneno ya msimamizi tu. Sikukosea mara nyingi. "Ana msimamo" alikuwa mwanaume. "Mkali, apunguze jazba" alikuwa mwanamke. "Mchapakazi, ana nidhamu, anajituma" alikuwa mwanamke pia, na kwenye mstari wa kupendekezwa kupanda cheo hapakuandikwa kitu. "Bado kijana ila ana upeo wa uongozi", huyo mnamjua.

Walioandika hawakuwa watu wabaya. Kadhaa ni marafiki zangu, na fomu mbili zilikuwa na saini yangu mwenyewe.

Tathmini huandikwa mara moja kwa mwaka, lakini maneno yake huokotwa vikaoni. Pale nilipokuwa nafanya kazi, Dar es Salaam, kikao cha ufundi kilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Mezani walikaa wahandisi sita, mmoja mwanamke. Watano wakiitwa "injinia". Yeye, mwenye usajili wa Bodi ya Wahandisi kama wao, aliitwa "dada". Na kila Jumatatu, kabla hata ajenda haijasomwa: "Dada, tusaidie muhtasari."

Huenda mtu akaona ni heshima tu. Dada ni neno zuri, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote. Lakini jaribu kuandika maneno ya watu saba huku ukitafuta upenyo wa kusema la kwako. Mkono ukiwa kazini, mdomo unachelewa.

Siku moja aliweka kalamu chini akasema kwamba pampu inayokatika kila mara haina ugonjwa. Waya unaoilisha ni mwembamba kwa umbali ule, umeme unafika umechoka. Kimya. Mwenyekiti akahamia bei ya dizeli. Baada ya kama dakika kumi, mwenzake akasema, "Mimi nadhani tuangalie ukubwa wa waya." Mwenyekiti akagonga meza: "Hilo ndilo wazo, injinia!" Mimi nilikuwepo. Nilitikisa kichwa kukubali, tena kwa furaha.

Muhtasari ulipokuja kwangu, hoja ya waya ilikuwa na jina la yule bwana. Na aliyeandika ni nani? Yeye mwenyewe dada. Wazo lake, kwa mkono wake, kwa jina la mtu mwingine. Nikamfuata kumuuliza. Akanijibu bila kuinua macho kwenye kompyuta: "Mwenyekiti alisema liandikwe hivyo. Ningebisha, mwisho wa mwaka mngeandika nina jazba."

Mngeandika. Na mimi nimo humo.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kuzunguka, na imetaja jinsia, ujauzito na hali ya ndoa kwa majina. Kwa hiyo bosi anayeuliza kwenye usaili "umeolewa? mtoto unategemea lini?" anacheza na moto, na mgogoro unaweza kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini hakuna atakayepanda daladala kwenda kwenye Tume kwa sababu ya waya wa pampu. Hapo ndipo anahitajika mtu aliyeketi meza ileile.

Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani enzi za Barack Obama walikuwa na mbinu yao: mmoja akitoa hoja, mwingine anairudia na kumtaja mwenye hoja, ili isiporwe. Mbinu nzuri, ila inataka wanawake wawili chumbani. Sisi tulikuwa na mmoja. Kwa hiyo sentensi ilipaswa kutoka kwangu: "Hilo injinia alilisema mwanzoni, naomba amalizie." Yeye akiisema, anaonekana ana kinyongo. Mimi nikiisema, sipotezi hata shilingi.

Kuna wanaume wanaogopa hapo, wanasema huko ni kumbeba mtu. Tunalipenda sana neno hilo. Mwanamke akipanda cheo, "amebebwa". Wengine wananong'ona "viti maalum", kana kwamba ofisi ni Bunge. Kumbeba ni kumpa asichokuwa nacho. Wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Nilichodaiwa ni kulirudisha.

Machi 8 sitaisema sana. Vitenge vya sare vinashonwa, keki inakatwa, picha zinapigwa, na waliovaa vitenge ndio wanaobaki kukusanya sahani.

Likizo ndiyo inayonisumbua zaidi. Mama anapata siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi anaruhusiwa muda usiozidi saa mbili kwa siku kunyonyesha. Halafu tunapanga kikao saa tisa alasiri, wakati yeye yuko njiani kwenda kwa mwanawe, kisha tunasema haonekani. Baba sheria inampa angalau siku 3 ndani ya wiki ya mtoto kuzaliwa. Wenzetu Kenya wana wiki mbili. Hata hizo tatu wengi hawaziombi, wanaona aibu. Meneja mwanaume anayezijaza kwenye fomu na kuzimaliza zote amewafundisha vijana wake kuliko semina yangu.

Jumatatu iliyofuata niliomba tuandike muhtasari kwa zamu, mimi nianze. Mwenyekiti alicheka, akakubali. Nikaandika kurasa mbili, nikazisambaza kwa barua pepe nikijiona shujaa. Jioni zilirudi kutoka kwa injinia zikiwa na masahihisho kumi na moja, la kwanza likiwa kipimo cha waya.