Kwa nini habari hutoka kwenye swali la pili?

Ukisikiliza Bunge asubuhi, matangazo yakija moja kwa moja kutoka Dodoma, kuna maneno hayapitishi siku: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, nina maswali mawili ya nyongeza." Watu huchekea hayo "majibu mazuri", maana mara nyingi anayeyasifu hajaridhika hata chembe. Lakini mwandishi wa habari anayejua kazi yake huchukua kalamu hapo hapo.

Swali la msingi lilishapelekwa kwa maandishi mapema. Wizara ikaandika jibu, likapitiwa, likanyooshwa, na Naibu Waziri anasimama kulisoma. Swali la nyongeza linatokana na jibu lenyewe. Hata akiwa na kabrasha la majibu ya tahadhari, itabidi afikiri akiwa amesimama.

Sasa, si waheshimiwa peke yao wenye jibu la msingi. Kila mtu analo.

Mwezi mmoja wa Agosti, msimu wa pili wa zabibu, nilikwenda Hombolo, huko Dodoma, kuzungumza na mkulima mmoja mtu mzima. Nilimwamkia "mbukwenyi", akacheka Kigogo changu, akanipa kigoda. Nikauliza: "Mzee, soko la zabibu likoje mwaka huu?" Akajibu: "Tunashukuru Mungu." Basi. Jibu la heshima, jibu la kumpa mgeni. Zamani ningeandika "wakulima waridhishwa na soko" nikapanda bodaboda kurudi mjini.

Nikanyamaza. Nikatazama kreti zilizopangwa kivulini, nyuki wamezijaa. Naye akazitazama. Kisha, bila kuulizwa: "Hizo zimekatwa juzi. Mnunuzi alisema anakuja na gari." Hapo ndipo nikauliza la nyongeza: "Alisema lini?" Yakafunguka yote: simu isiyopokelewa, vibarua wanaodai, na zabibu alizoanza kuanika juu ya turubai kwa kuwa tunda hilo likishakatwa halingoji mtu.

Kwa nini kimya kinafanya kazi kuliko maneno? Mwaka 2009 watafiti walichapisha ulinganisho wa mazungumzo katika lugha 10 za pande mbalimbali za dunia. Waliona kwamba mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana, kwa wastani mwenzake huanza kujibu baada ya kama sekunde 0.2. Yaani tunapokezana maneno karibu bila pengo. Ukikaa kimya sekunde tatu tu, umevuta pengo hilo mara 15, na mtu huona kama jambo limebaki kiporo. Wengi hulijaza, na wanalojaza nalo hawakuliandaa.

Tatizo ni kwamba kimya humtesa hata anayeuliza. Vijana wetu wa redio hukikimbia kwa kudandia swali lililofuata kwenye orodha, au, baya zaidi, kwa kumpa mtu jibu ndani ya swali: "Kwa hiyo mmefurahishwa na mradi huu, siyo mama?" Mama atasema ndiyo. Angesema nini tena, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kipaza sauti puani? "Ilikuwaje siku maji yalipofika?" ingemfanya asimulie.

Kimya nacho kina mipaka. Kwa waziri mzoefu hakifui dafu. Atatabasamu na kunyamaza pamoja nawe. Huyo mrudishie neno lake mwenyewe: "Umesema 'hivi karibuni'. Ni mwezi gani?" Na aliyefiwa usimtegee kimya hata kidogo.

Wa Hombolo sikumtegea, ila upepo wa Agosti ulinikomoa. Kufika mjini nikakuta kinasa sauti kimejaa mvumo mtupu, bei zote zimemezwa. Kesho yake nikarudi, nikamwomba anisimulie tena kidogo hali ya soko.

Akajiweka sawa kwenye kigoda, akakohoa, akasema: "Tunashukuru Mungu."