Ajira za ununuzi na ugavi Kanda ya Ziwa: tazameni pia upande wa mzabuni

Wahitimu wengi wa ununuzi na ugavi kutoka vyuo vya SAUT, CBE na TIA hapa Mwanza huulizia nafasi moja tu: Afisa Ugavi Daraja la II serikalini. Ni nafasi nzuri, lakini maombi yake hupitia Ajira Portal, tovuti ya serikali ya maombi ya kazi, na unashindana na nchi nzima. Ukiomba, hakikisha barua ina sahihi yako, umri hauzidi miaka 45, na umepakia vyeti vyenyewe. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi. Usajili wa PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, nao usiuache hadi tangazo litoke. Shahada bila usajili wa Bodi hukukwamisha mapema, na mitihani yake ya kitaaluma ya CPSP inahitaji muda wa kujiandaa.

Ninapoona pengo kubwa zaidi ni upande wa pili wa meza, kwa wanaouza. Tangu NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, uchukue nafasi ya mfumo wa zamani wa TANePS mwaka 2023, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huohuo ianze kutumika, hata shule na zahanati zinanunua kupitia mfumo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sengerema anayetaka kuuza mabati na saruji kwa halmashauri lazima awe ndani ya NeST. Wengi wana mtaji na mali, hawana mtu wa kuandaa zabuni.

Na zabuni hizo huanguka kwa mambo madogo: leseni imeisha muda, aina ya biashara iliyosajiliwa kwenye mfumo haifanani na zabuni, hati ya uwakilishi haijasainiwa, au bei imejazwa bila kusoma kama kodi imo. Anayejua kuyakagua kabla ya siku ya mwisho ana kazi. Vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu vimetengewa asilimia 30 ya ununuzi wa umma, navyo vinamhitaji mtu huyohuyo.

Kisha kuna migodi: Geita, Bulyanhulu, North Mara, Mwadui. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinatoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za hapa nchini, kwa hiyo usiishie kutuma maombi mgodini penyewe. Nenda kwa wakandarasi wake: wa chakula, usafirishaji, uchorongaji, matengenezo ya mitambo. Wengi wao wana stoo, na stoo inataka mtu.

Huko usahili hauishii kwenye nadharia. Tarajia swali kama hili: mtambo unatumia lita 400 za kilainishi kwa siku, oda inachukua siku 21 kufika, akiba ya tahadhari ni ya siku 7, uagize stoo ikibaki na kiasi gani? Ni 400 mara 28, yaani lita 11,200. Wanaokosea husahau akiba ya tahadhari, au huhesabu siku kuanzia LPO (hati ya kuagiza bidhaa kwa muuzaji) inapotoka badala ya siku ombi lilipoandikwa, na idhini ya ndani pekee inaweza kula wiki nzima.

Jifunze pia tofauti ya bei ya CIF Dar es Salaam (muuzaji analipia usafiri na bima hadi bandarini tu) na DAP mgodini (analipia usafiri hadi mgodini). Kutoka bandarini hadi Geita ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na ukilinganisha bei hizo mbili kama zilivyo, utampa kazi muuzaji ghali ukidhani ni wa bei nafuu.