Je, wajua kwa nini jedwali la Revit huhesabu milango na kuziacha bawaba zake?

Chora bweni lenye milango 40 kwenye Revit, kila mlango na bawaba tatu na kitasa kimoja. Sogeza picha karibu: bawaba zote utaziona, hata skrubu zake kama aliyezichora alikuwa na subira. Sasa fungua jedwali la vifaa umpe mkadiriaji majenzi idadi. Milango, 40. Bawaba, hakuna hata moja. Zile 120 zilizo mbele ya macho yako hazimo.

Kwa asiyeijua, Revit ni programu ya kuundia modeli ya jengo. Ilitoka mwaka 2000, na Autodesk ikainunua mwaka 2002. Kila kifaa ndani yake huitwa familia, na vipimo na maelezo ya kifaa huitwa parameta. Bawaba ni familia, mlango ni familia, na bawaba ikiingizwa kwenye mlango inakuwa familia iliyo tumboni mwa familia nyingine.

Nilipokutana na jambo hili mara ya kwanza niliamini kwamba kosa liko kwenye parameta, na naona wengi bado wanaamini hivyo. Chanzo ni neno "Shared", ambalo Revit inalitumia kwa mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni parameta za pamoja: majina yanayohifadhiwa kwenye faili la maandishi, kila jina na utambulisho wake wa kipekee, ili familia nyingi na jedwali moja vielewane. Basi nikaunda parameta ya pamoja ya aina ya bawaba, nikaiweka kwenye familia ya bawaba, nikapakia upya. Kimya. Nikaiweka kwenye mlango: jedwali likapata safu mpya, lakini mistari ikabaki 40 ileile. Nilipoitazama safu ile tupu ndipo nikaelewa. Parameta huongeza safu, haiongezi mstari. Mstari ni kitu ambacho modeli inakitambua kuwa kipo kivyake, na bawaba zangu hazikuwa zikitambuliwa.

"Shared" ya pili ni kisanduku cha tiki kilichomo kwenye sifa za familia yenyewe. Hiki ndicho chenye jibu.

Fikiria basi la mkoani. Mama amempakata mtoto. Mtoto yumo, analia, anakula karanga, abiria wote wanamwona, ila kwenye orodha ya abiria hayupo, kwa sababu hakukatiwa tiketi. Orodha haihesabu watu waliomo kwenye basi, inahesabu tiketi. Bawaba isiyo na tiki ni mtoto huyo wa mapajani: inachorwa, inasafiri na mlango, na mlango ndio unaojibu kwa niaba yake. Ukiweka tiki umeikatia tiketi. Inapata mstari wake, na lebo yake pia inaweza kupewa.

Tiketi ina gharama zake. Mama bado anamshika mtoto mkono: parameta za bawaba mojamoja unaweza kuendelea kuziunganisha na za mlango. Lakini daraja la tiketi si la mama tena. Parameta za aina nzima ya bawaba sasa ziko mikononi mwa mradi, yaani faili la jengo lenyewe, na mlango hauwezi kuziendesha kutoka juu. Ndiyo maana ukipakia mlango mwingine wenye bawaba ya jina hilohilo, Revit inakuuliza ifuate ipi, iliyomo mradini au inayoingia.

Tiki huwekwa ndani ya faili la bawaba, si la mlango. Kisha bawaba inapakiwa upya kwenye mlango, na mlango kwenye mradi. Kuhakiki, weka kishale juu ya mlango ubonyeze Tab mara kadhaa. Bawaba ikiwaka peke yake na ukaweza kuichagua, imetambuliwa. Kuifuta au kuisogeza peke yake bado hutaweza.

Angalia pia kundi la bawaba, ambalo Revit huliita "Category". Bawaba iliyoandikishwa kwenye kundi la milango itahesabiwa kuwa mlango, na bweni lako litasoma milango 160. Ikiwa kwenye kundi jingine, itafute kwenye jedwali la kundi hilo, au tengeneza jedwali la makundi yote. Na kama bei ya mlango tayari ina bawaba ndani yake, ukijumlisha mistari yote utazilipia bawaba mara mbili. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kutoweka tiki kwenye kila kitu. Mimi huweka kwenye kile ambacho fundi atakwenda kukinunua kivyake dukani. Skrubu naziacha mapajani.